Bandeji ya Majirani

Wacha niseme hili kwanza, kabla sijaanza kujipamba: nilimwonea Njeru wivu. Si ule wivu mdogo wa kumwona mwenzako na viatu vipya. Ni ule wa kukosa usingizi, wa kusikia watu wakicheka chumba cha pili na kuamini kabisa kwamba wanakucheka wewe. Nyinyi vijana mnaosomea kazi ya viungo mnakuja hapa kwangu Kinoru, mnakunywa chai yangu, mnaniambia, "Mzee Murithi, tupe hadithi za zamani." Huwa nawapa zile ambazo mimi ndiye shujaa. Leo chukueni hii nyingine.

Mimi nilikuwa fizio. Mtu akitolewa plasta, akishonwa goti, akivunjika nyonga, analetwa kwangu ajifunze upya kukunja na kutembea. Njeru alikuwa nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, mtu wa Embu, mpole, sauti ya chini, kola imesimama wima hata saa kumi jioni. Miaka ya tisini hiyo, katika hospitali moja ya hapa Meru ambayo sitaitaja, kwa sababu makosa nitakayoyasema ni yangu mimi na siyo ya jengo. Tulikuwa marafiki. Akiniona nimenuna asubuhi ananiambia, "Nyinyi Wameru mnaamka na hasira kabla hata ya kunawa uso." Namjibu, "Nenda katafune majani yako ya muguka huko." Tunacheka, tunagawana chapati moja. Hiyo ilikuwa kabla ya kamera.

Lazima mjue kwanza goti lilikuwa linatibiwaje. Ndani ya goti kuna gegedu, vile vipande viwili laini vinavyokaa katikati ya mifupa. Mchezaji akijipinda uwanjani, au mchuma miraa akiruka kutoka tawini akatua vibaya, gegedu inachanika. Goti linakwama, linavimba, likikuachilia unaanguka njiani. Enzi hizo daktari alilipasua wazi, kidonda kirefu kuliko kidole, gegedu ikatolewa yote, na mguu ukatiwa plasta kutoka paja mpaka karibu na kifundo. Baada ya wiki kadhaa plasta inakatwa. Paja limekonda mpaka mgonjwa mwenyewe analia akiliona, na goti halikunji hata kidogo. Hapo ndipo mgonjwa alipokuwa wangu.

Na nilikuwa najua kazi, msidhani. Nilifundishwa na Mzee M'Ikiara, fizio wa kwanza wa hospitali ile, mtu mfupi mwenye vidole kama vya kukamua ng'ombe. Alinifundisha kugusa goti kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu kiganja chenyewe hakisikii joto vizuri. Akanifundisha kushika mguu mzima kwanza, ndipo ushike mbovu. Hilo la pili nililipuuza mara moja. Aliletwa mchinjaji mmoja wa Majengo, goti lake nikaligusa likawa la moto, nikakimbia kwa daktari nikipiga kelele kwamba kuna usaha. M'Ikiara akaja polepole, akashika goti lile lingine. La moto vilevile. Mchinjaji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje juani tangu asubuhi. Kwa karibu mwaka mzima wenzangu waliniita Goti la Jua, na hata mchinjaji mwenyewe nikienda kununua nyama ananiita hivyo mbele ya watu.

Lakini somo kubwa la M'Ikiara halikuwa la mkono. Siku moja alirudi mama mmoja ambaye plasta yake imepasuka vipande. Alikuwa amebeba kuni. Nikaanza kumgombeza. M'Ikiara akanisukuma pembeni, akamuuliza, "Mama, nyumbani nani alikuambia ubebe?" Mama akasema, "Hakuna aliyeniambia. Lakini hakuna aliyeniambia niache." M'Ikiara akamtia plasta mpya. Ilipokauka akachukua kalamu nyekundu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa ASIBEBE MZIGO, akaandika na tarehe ya kutolewa. Kisha akaenda ofisini, akaleta mhuri wa hospitali, akaugonga juu ya plasta. Mnajua huku kwetu mhuri ni nini. Barua bila mhuri ni karatasi tu. Mama yule alienda nyumbani na mguu wenye mhuri, na mume wake mwenyewe akawa anateka maji. Tangu hapo kila plasta yangu iliondoka na mhuri.

Basi, kamera. Daktari bingwa kutoka Nairobi alianza kutujia mara chache kwa mwaka, na akaja na kifaa chembamba kama penseli ndefu. Unatoboa goti matundu mawili madogo, unaingiza kamera kwa tundu moja na mkasi mdogo kwa lingine, na ndani ya goti kunaonekana kwenye televisheni. Ile sehemu iliyochanika peke yake inakatwa, nyingine inabaki. Mgonjwa kesho yake anaenda nyumbani. Sasa alihitajika mtu mmoja wa kwetu atumwe Nairobi kujifunza kuilowesha ile kamera kwenye dawa, kuiunganisha, kumpa daktari vyombo kwa utaratibu wake. Mimi nilikuwa na uhakika ni mimi. Nani anajua goti kuliko mimi? Nilinunua hata sanduku, la kijivu, lenye kufuli. Akatumwa Njeru.

Mtasema, lakini mzee, yeye ndiye alikuwa wa thieta. Ni kweli. Hata wakati ule nilijua ni kweli. Wivu hausikii hoja, unasikia tu jina lililosomwa.

Aliporudi, mji mzima ulikuwa wake. Wagonjwa walikuwa hawasemi tena "nimetibiwa goti," walisema "goti langu limeonyeshwa kwa televisheni." Kijana mmoja wa timu ya mpira wa hapa Kinoru, mimi ndiye nilikuwa nimemlaza kitandani siku baada ya siku, taulo iliyokunjwa chini ya goti, "kandamiza, hesabu kumi, pumzika," kigunia cha mchanga kwenye kifundo, "inua, shikilia." Alipoanza kukimbia tena, mama yake alikuja hospitali na jogoo mwekundu mkubwa. Nikasimama mlangoni kwangu, nimeshajiandaa kukataa kidogo kwa adabu kisha nimpokee. Mama akanipita. "Daktari wa kamera yuko wapi?" Njeru akachukua jogoo. Akaniletea paja lake kesho yake, limefungwa kwenye karatasi, na nikala mpaka mfupa.

Goti likipona, ni kamera. Goti likikataa, ni fizio. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila nilipofungua mlango wa chumba changu.

Daktari bingwa alitaka matokeo ya kila goti yaandikwe. Njeru akapewa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi: jina la mgonjwa, shida iliyokutwa, kilichofanywa, hali baada ya miezi, na safu ya mwisho ya maelezo. Daktari alipima kwa kipimo cha digrii. Mimi nilikuwa na vipimo vyangu: anaweza kuchuchumaa chooni? Anaweza kupiga magoti kanisani na kuinuka bila kushikwa? Anaweza kushuka mtoni na kupanda na mtungi? Na kwa vipimo hivyo niliona jambo. Vijana waliochanika gegedu walipona vizuri sana, lazima niseme hata kama inaniuma. Lakini wale mama wazee ambao magoti yao yamelika kwa miaka ya kupanda na kushuka mashamba ya chai, waliosafishwa goti kwa kamera na maji, wengi walifurahi miezi michache tu, kisha nikawaona tena kwenye benchi langu wanasugua goti lilelile.

Nilisema hayo mkutanoni. Nilikuwa sahihi, na baadaye daktari mwenyewe alipunguza kuwasafisha. Lakini siku ile nilisema kwa raha nyingi mno. Nilitabasamu. Matroni, mkuu wa manesi, akanitazama akasema, "Murithi, wivu utakuua," na chumba kizima kikacheka. Kwa hiyo mama wengine kadhaa walitobolewa bure, kwa sababu ukweli ulikuja na sura yangu. Kariri hilo, wewe unayecheka hapo nyuma.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Wagonjwa wa kwanza wa kamera niliwafunga mimi. Niliona mapema kwamba watu hawa wana shida ambayo Nairobi hawakuifikiria. Mtu wa plasta anafika nyumbani na kila mtu anaona amepasuliwa. Mtu wa kamera anafika na plasta mbili ndogo za kubandika. Nyumbani wanamwangalia wanasema, sasa hapa umefanyiwa nini? Kwa hiyo nilibuni yangu. Pamba nyingi, bandeji pana kutoka katikati ya paja mpaka chini ya goti, nene kweli, halafu kalamu nyekundu, halafu mhuri. Kwa goti lenyewe haikuhitajika hivyo. Niliiita bandeji ya majirani. Na ilifanya kazi. Hakuna aliyebebeshwa chochote, magoti yakapona, na sifa zikaenda kwa kamera. Njeru hakujua siri hiyo. Alidhani ni mapambo yangu.

Ziara ya tatu ya daktari, mbele ya wafanyakazi wote, daktari akamshika Njeru bega akasema, "Huyu ndiye sababu ya matokeo haya." Nikaenda chumbani kwangu, nikaweka kalamu nyekundu kwenye droo, nikaifunga. Nikasema moyoni, haya, tuone kamera peke yake itafanya nini.

Kesho yake asubuhi aliletwa Kananu. Mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, ameolewa Mitunguu, hajamaliza hata mwaka. Alikuwa ameteleza kwenye mfereji wa maji shambani akiwa na mkungu wa ndizi mgongoni, goti likajipinda. Operesheni ilikwenda safi. Nilitakiwa nimfundishe mazoezi kabla hajaondoka. Nilimfundisha, sikuruka hata moja, ila kwa haraka, nikiangalia dirishani. Nikamwambia asibebe mzigo na asilowe maji mpaka vidonda vifunge. Akaangalia zile plasta mbili ndogo. Akaangalia mwanamke wa kitanda cha pili, aliyetiwa plasta ya mguu mzima na mhuri wangu.

"Daktari," akasema, "mimi huniandikii?"

"Wewe ni wa kamera. Wa kamera hawaandikiwi."

"Mama mkwe ataamini kweli?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Akikataa, mwambie aulize televisheni."

Alirudi baada ya wiki mbili, amebebwa na mume wake. Goti limevimba, linang'aa, na sikuhitaji hata mgongo wa kiganja, joto lilinifikia kabla sijaligusa. Mama mkwe alikuwa ameona plasta mbili za kubandika, akasema kwao mtu hupasuliwa akaonekana. Siku ya tatu Kananu alikuwa mferejini anafungulia maji migomba, maji ya matope mpaka juu ya goti. Siku ya tano alibeba ndizi. Usaha ukaingia ndani. Daktari wa zamu akalipasua wazi, kidonda kirefu cha enzi za M'Ikiara, wakaosha, wakarudia kuosha, na mguu ukawekwa kwenye plasta.

Nataka niwaambie ukweli wote. Niliposikia kwamba goti la kamera limeoza, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Ilikaa muda wa kutoka mlangoni kwangu mpaka wodini. Nikamwona amelala ameng'ata shuka ili asilie mbele ya mume wake.

Njeru alinifuata na kile kitabu cheusi, macho mekundu. "Murithi, nisaidie. Huyu dada ulimwelezea asibebe?"

"Nilimwelezea."

"Na asilowe?"

"Nilimwambia."

Akashukuru. Akaandika kwenye safu ya maelezo: mgonjwa hakufuata maagizo. Maneno hayohayo yakaingia kwenye barua aliyopewa Kananu siku ya kuruhusiwa. Barua hiyo ilikuwa na mhuri.

Kisha akawa wangu. Mara mbili kwa wiki alitoka Mitunguu kuja kukunjwa goti. Vijana, kukunja goti lililokuwa na usaha si mchezo. Nyama zimeshikana ndani. Unalipasha kwa kitambaa cha maji moto, unashika juu ya kifundo, unaenda mpaka pale linapokataa, unaongeza kidogo tu, unangoja mgonjwa apumue. Ukiwa na haraka unararua. Nilikuwa sina haraka. Nilikuwa nalikunja goti lile kwa uangalifu ambao sikuwahi kumpa mtu mwingine, na likafika pembe ya kukaa kwenye kiti, likagoma hapo. Kuchuchumaa, hapana. Kupiga magoti, hapana. Choo cha shimo alikwenda na kiti kilichotobolewa, mume wake alikitengeneza.

Siku moja nikiwa naendelea kukunja, aliongea bila kuniangalia. "Nyumbani wanasema ni ukaidi wangu. Mama mkwe alimpa mzee wa kanisa ile barua aisome. Hakufuata maagizo. Sasa hata mume wangu tukikosana kidogo ananiambia, wewe husikii, hata hospitali iliandika."

Nilisimama na mguu wake mkononi. Nikamwomba asubiri.

Nikaenda thieta. Njeru alikuwa analowesha vyombo, amefunga pua kwa sababu ya harufu ya ile dawa. Nikamwomba kitabu. Akauliza cha nini, nikamwambia, nikamwambia yote, bandeji, kalamu kwenye droo, televisheni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua glavu moja, akavua ya pili. "Nimeandika uongo," akasema. "Umeniandikisha uongo juu ya mgonjwa." Akanipa kitabu akageuka. Hakunisalimia mpaka mvua za mwaka uliofuata, na sikumlaumu. Hata ile hasira yake niliionea wivu, maana ilikuwa safi, haikuwa na kitu cha kuficha.

Vijana, msifikiri baada ya hapo niliponywa. Alipopandishwa cheo niliumwa kichwa siku mbili. Lakini kila mgonjwa wa kamera aliyetoka pale, mpaka nikastaafu, alitoka na bandeji nene na maandishi mekundu, na Njeru mwenyewe nilimfundisha kuifunga, na akaifunga vizuri kuliko mimi, mjinga yule.

Siku ile nilirudi chumbani na kitabu. Kananu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikafungua ukurasa wake mbele yake, nikaonyesha ule mstari, nikaukata kwa kalamu. Chini yake nikaandika: mgonjwa alirudishwa nyumbani bila bandeji na bila maandishi kwa familia. Kosa ni la mfanyakazi. Nikamgeuzia asome. Alikuwa amemaliza darasa la nane, alisoma vizuri, kidole kikifuata neno kwa neno.

Alipofika mwisho akarudi akasoma tena.

"Mfanyakazi," akasema. "Hapa wafanyakazi ni wangapi?"

"Ni wengi."

"Basi andika jina."

Nikachukua kalamu, nikaandika Silas Murithi, fizio. Akaangalia mpaka wino ukauka.

"Sasa niandikie nyingine kama hiyo niende nayo nyumbani. Barua ya kwanza ilisomwa na mzee wa kanisa. Na hii ataisoma yeye huyohuyo."

Nikaiandika, jina langu likiwa chini, nikaigonga mhuri. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya blauzi. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Alijilaza kitandani, akavuta leso aliyojifunga mpaka kwenye paja, akaninyooshea mguu.

"Haya," akasema. "Kunja."